Wanaohamishwa Kolwezi waonyeshwe kwanza maji ya chini yanaelekea wapi

KOLWEZI, Lualaba – Familia inapoambiwa ihame ili kupisha mgodi, maswali ya kwanza huwa yale yale. Makuta ngapi kwa nyumba? Ngapi kwa miembe na shamba la muhindi? Kiwanja kipya kiko wapi, na watoto watasoma wapi? Swali la maji nalo huulizwa, lakini mara nyingi hujibiwa kwa neno moja tu: foraji. Foraji ikishachimbwa, pompi ikafungwa na picha ikapigwa, kila mtu huona jambo la maji limekwisha.

Halijakwisha. Limebaki swali ambalo ni watu wachache wanaolileta kwenye mikutano ya kuhamishwa. Maji ya foraji hiyo yanatoka upande gani chini ya ardhi? Yanapita chini ya kitu gani kabla ya kufika? Na yanatembea kwa mwendo gani? Kama upande yanakotoka kuna jalala la mji, bwawa la taka za kiwanda au rejeti la zamani, foraji iliyo safi leo inaweza kuharibika baada ya miaka mitano, familia imekwisha kujenga na mtu wa kampuni aliyetia sahihi amekwisha kurudi kwao.

Kwa hiyo dai linapaswa kuwa wazi: hakuna familia ihamishwe, na hakuna foraji ikabidhiwe karibu na taka, kabla ramani ya maji ya chini haijapimwa na kubandikwa mahali ambapo wakaaji wote wanaiona.

Mji ulio katikati ya mabaki yake

Kolwezi inaishi na mabaki ya madini tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1950, kiwanda cha kuoshea madini kilimwaga matope yake katika bonde la mto Musonoi na pale Kingamyambo. Matope hayo yalikadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni 100, na ndani yake mlibaki shaba na kobalti nyingi hata kampuni ya Metalkol ikaanza mwaka 2018 kuyachota na kuyaosha upya. Kiwanda cha Luilu, kinachotumia asidi ya salfuriki kutoa shaba na kobalti, kilianza kazi mwaka 1960. Mabaki hayo yote yalimwagwa mahali fulani, na yako juu ya udongo na mawe ambayo mvua hupita kila mwaka.

Wakati huohuo watu wanahamishwa. Kasulo, ambako kobalti ilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, familia nyingi ziliondolewa mwaka 2017. Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, leo uko ukingoni mwa shimo la COMMUS. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kolwezi IBGDH, iliyotoka Septemba 2023, ilihesabu watu karibu 39,000 katika mtaa huo na kueleza jinsi familia zilivyoondolewa kwa malipo yasiyotosha kupata nyumba ya kulingana na ile waliyoiacha. Ripoti nyingine, ya RAID na AFREWATCH, ya Machi 2024, ilichunguza maji kuzunguka migodi mitano mikubwa ya eneo hili, na ikakuta mito iliyojaa asidi.

Uchafu wa juu ya ardhi una kelele. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la taka la kampuni ya Sino-Metals lilipasuka karibu na Chambishi, Zambia, upande wa pili wa mpaka. Samaki wakafa, mto Kafue ukachafuka, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Novemba 2025, maji machafu kutoka kiwanda cha CDM yaliingia katika mitaa ya Lubumbashi, na wizara ya madini ikasimamisha kazi za kampuni hiyo. Watu waliyaona kwa macho, wakapiga picha, wakalia, na wakubwa wakaja.

Maji ya chini hayana kelele. Samaki hawaelei juu. Rangi yanaweza yasibadilishe, na harufu isiwepo. Uchafu unatembea polepole chini ya miguu ya watu, na siku unapofika kwenye ndoo hakuna anayejua ulianza lini wala ulitoka kwa nani. Hapo mabishano huanza: kampuni inasema ni choo cha jirani, jirani anasema ni kampuni, na mkubwa wa kartye hana karatasi ya kumwonyesha yeyote.

Mteremko wa barabara hautoshi

Kila mama wa kijiji anajua kwamba choo hakichimbwi upande wa juu wa kisima. Huo ndio mwanzo wa elimu hii, na ni elimu ya kweli: maji hufuata mkondo. Shida ni kwamba mkondo wa chini haufuati kila mara mteremko unaoonekana kwa macho.

Katika sehemu nyingi usawa wa maji ya chini hupanda na kushuka pamoja na kilima, na maji huelekea kwenye mto au bwawa lililo bondeni. Lakini Kolwezi ina mambo matatu yanayovuruga kanuni hiyo. La kwanza ni pompi. Mgodi wa wazi au wa chini hauchimbwi bila kutoa maji usiku na mchana, na pompi hizo huvuta maji ya pande zote kuelekea shimo, hata yale ambayo zamani yalikwenda upande mwingine. La pili ni kusimama kwa pompi hizo. Shimo la KOV lilijaa maji kama ziwa wakati kazi ya Gécamines ilipodhoofika, na baadaye kampuni mpya zililazimika kuyatoa. Pompi zikisimama, usawa hupanda na mkondo unaweza kugeuka. La tatu ni mawe yenyewe. Chini ya Kolwezi kuna dolomiti yenye nyufa na mapango, na mawe ya silika yenye matundu kama sifongo, ambayo wachimbaji wanayajua vizuri kwa sababu hujaa maji. Ongeza mashimo na njia ambazo vijana wamezichimba chini ya nyumba za watu. Maji hupenda njia za mkato.

Kwa hiyo mtu akisimama kwenye kiwanja kipya na kusema, "Rejeti liko kule chini, haliwezi kutufikia," anaweza kuwa na haki. Anaweza pia kukosea. Dawa ni kupima.

Visima vitatu na kamba

Kupima upande ambao maji yanaelekea si uchawi wa mainjinia. Kunahitaji visima visivyopungua vitatu, ambavyo havikupangwa kwenye mstari mmoja bali vimekaa kama mawe matatu ya jiko.

Kwanza, kila kisima hupimwa kina cha maji kutoka mdomoni kwa kamba ya mita yenye uzito mwishoni. Vyote hupimwa siku moja, asubuhi mapema, kabla watu hawajachota na kuteremsha usawa. Pili, midomo ya visima hivyo hupimwa kujua ni upi uko juu zaidi na kwa kiasi gani. Hapa simu haifai: urefu unaoonyeshwa na simu unaweza kukosea mita kadhaa, na tofauti inayotafutwa ni ya sentimita. Anahitajika mpimaji mwenye chombo chake. Kwa umbali mfupi, hata tiyo ya plastiki yenye maji ndani, ile ambayo masoni hutumia kusawazisha msingi, hufanya kazi hiyo. Tatu, kina cha maji huondolewa kwenye urefu wa mdomo, na jibu ni usawa wa kweli wa maji katika kila kisima.

Chukua mfano. Kisima cha kwanza kina usawa wa mita 30 juu ya alama iliyochaguliwa. Cha tatu, kilicho umbali wa mita 300, kina usawa wa mita 27. Cha pili kiko pembeni, katikati ya hivyo viwili, na usawa wake ni mita 28 na nusu. Kati ya cha kwanza na cha tatu, usawa wa 28 na nusu unapatikana katikati, kwenye mita 150. Ukivuta mstari kutoka hapo hadi kisima cha pili, umepata mstari ambao maji yake yote yana usawa mmoja. Maji hayafuati mstari huo. Yanaukata kama msalaba, kutoka upande wa juu kwenda upande wa chini. Kwa sababu hapa mstari huo unaikata sawasawa njia ya kutoka kisima cha kwanza hadi cha tatu, maji yanaelekea cha tatu, na yanashuka mita 3 katika mita 300, yaani mita 1 kwa kila mita 100.

Kuna masharti mawili ya kutosahau. Visima vilinganishwe na vya aina moja: kisima cha mkono cha mita 10 na foraji ya mita 60 vinaweza kugusa maji mawili tofauti, na kuvichanganya huleta ramani ya uongo. Na kipimo kirudiwe, mwisho wa kiangazi katika Septemba au Oktoba, na mwisho wa mvua katika Machi au Aprili, kwa sababu mvua inaweza kubadilisha usawa na hata upande.

Mwendo ndio unaoamua

Kujua upande ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mwendo, na hapo ndipo usalama wa familia unapoamuliwa.

Kanuni inayotumika ilipatikana na Henry Darcy, injinia wa maji wa mji wa Dijon, Ufaransa, aliyeitangaza mwaka 1856 baada ya kupima maji yakipita ndani ya mchanga. Inasema hivi kwa maneno ya kawaida: maji hupita haraka zaidi kama mteremko wa usawa wake ni mkali zaidi na kama ardhi inayapitisha kwa urahisi. Ili kupata mwendo wa kweli, unazidisha uwezo wa ardhi kupitisha maji kwa mteremko huo, halafu unagawanya kwa sehemu ya ardhi iliyo na nafasi tupu za kupitisha maji.

Rudi kwenye mfano wa mita 1 kwa mita 100, na weka aina tatu za ardhi chini ya jalala lile lile. Namba hizi ni za mfano, lakini ni za aina ambayo wapimaji hukutana nayo.

Udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi, unaopitisha sentimita 10 kwa siku na wenye nafasi tupu ya asilimia 10: maji yanatembea sentimita 1 kwa siku. Kufika mita 300 yanahitaji zaidi ya miaka 80.

Mchanga unaopitisha mita 5 kwa siku na wenye nafasi tupu ya asilimia 25: maji yanatembea sentimita 20 kwa siku. Mita 300 ni kama miaka 4.

Mwamba wenye nyufa unaopitisha mita 10 kwa siku, lakini nafasi yake tupu ni asilimia 1 tu: maji yanatembea mita 10 kwa siku. Mita 300 ni siku 30.

Jalala ni moja, mteremko ni mmoja, umbali ni mmoja. Jibu ni miaka 80, au miaka 4, au mwezi mmoja. Mtu anayesema, "Foraji iko mbali, mita 300, hakuna hatari," bila kusema iko katika ardhi gani, hajasema kitu. Na kwa Kolwezi, yenye dolomiti yake, jibu la tatu haliwezi kutupwa hivi hivi.

Ni kweli pia kwamba metali haitembei kila mara kwa mwendo wa maji. Shaba na kobalti hujishika kwenye mfinyanzi na kuchelewa nyuma. Lakini asidi ikiingia huzing'oa na kuzibeba. Ndiyo maana wapimaji wazuri huangalia kwanza ishara zinazotangulia: chumvi ya salfati, uwezo wa maji kupitisha umeme, na ukali wa asidi. Hizo zikianza kubadilika katika kisima cha uchunguzi kilichowekwa kati ya taka na watu, bado kuna wakati wa kufanya kitu.

Majibu kwa wanaopinga

Kampuni zitasema kazi hii imekwisha kufanywa, kwamba iko ndani ya uchunguzi wa athari za mazingira uliopelekwa serikalini. Inawezekana kabisa. Basi ibandikwe. Uchunguzi wa mamia ya kurasa za Kifaransa ulio katika ofisi ya Kinshasa haumsaidii baba anayetaka kujua achimbe kisima upande gani wa kiwanja chake. Ramani ya karatasi moja, yenye mishale na maneno ya Kiswahili, kwenye ukuta wa ofisi ya kartye na kuelezwa redioni, ndiyo inayomsaidia.

Wengine watasema maji yamepimwa labo na ni safi. Cheti cha labo ni kizuri, na kidaiwe kila mara. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: risasi na arseniki zisizidi mikrogramu 10 kwa lita, urani isizidi 30, shaba isizidi miligramu 2. Lakini cheti ni picha ya siku moja. Kinasema maji yalikuwaje Jumanne ile, wala hakisemi kinachokuja kutoka nyuma ya kilima. Ramani na mwendo ndivyo vinavyosema.

Wengine watasema ni ghali. Mabomba machache ya uchunguzi, mpimaji wa siku chache na kamba ya mita haviwezi kuitwa ghali karibu na mgodi unaotoa malori ya kobalti kila siku. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani. Na gharama ya kuchunguza taka za kampuni isitolewe hata ndani ya sehemu hiyo ya wananchi: mwenye taka ndiye alipe kuzichunguza.

Kuna pingamizi moja zito zaidi, nalo linatoka kwa wahamishwa wenyewe. Familia iliyosubiri malipo miaka miwili, yenye nyumba iliyopasuka kwa baruti, haitaki kusikia habari ya kipimo kingine. Inataka makuta yake iondoke. Haki yao hiyo haipaswi kudharauliwa. Lakini kipimo cha maji hakizuii kulipa. Malipo yafanyike kwa wakati wake, na upimaji uanze siku ile ile ambayo eneo jipya linatajwa kwa mara ya kwanza. Kinachochelewesha familia mara nyingi ni makaratasi yanayolala mezani, si kamba ya mita.

Ramani haina upande

Inafaa kusema wazi pia kwamba kipimo hiki si silaha ya wananchi peke yao. Kinaweza kuonyesha kwamba taka za kampuni fulani ziko upande wa chini na haziwezi kufika kwenye foraji, na kwamba maji yameharibiwa na vyoo vilivyosongamana au na jalala la mji lisilo na mwenyewe. Hilo nalo ni jambo la kujua, kwa sababu dawa yake ni nyingine. Ramani iliyopimwa mbele ya watu humwondolea asiye na kosa mzigo, na humnyima mwenye kosa mahali pa kujificha.

Sheria iko tayari upande wa anayepima. Sheria ile ya 2018 inamtaka mwenye mgodi alipe hasara iliyotokana na kazi yake hata pasipo kosa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo inalinda vyanzo vya maji. Lakini hakimu anataka ushahidi, na ushahidi wa maji ya chini hauokotwi baada ya miaka kumi. Unaandikwa mwezi kwa mwezi, kabla shida haijaja.

Basi mambo matatu yaingie katika kila mkataba wa kuhamisha watu Lualaba. Ramani ya mkondo wa maji ya chini ibandikwe kabla ya viwanja kugawanywa, ikiwa imepimwa kiangazi na masika. Visima vya uchunguzi viwekwe kati ya taka na foraji za watu, na vipimo vyake visomwe hadharani. Na vijana wawili watatu wa mtaa wafundishwe kupima wenyewe, wawe na daftari lao, ili daftari la kampuni lisibaki peke yake.

Kazi hiyo ya mwisho haihitaji kungojea mtu. Kamba, daftari, na visima vitatu vya majirani vinatosha kuanza kiangazi hiki. Familia iliyokwisha kuhamishwa mara moja kwa ajili ya madini haistahili kuhamishwa mara ya pili kwa ajili ya maji.